Leo Pweza Hakuna

"Pweza leo hakuna, kaka. Ni maji mafu."

Kijana aliyekuja kutuhudumia alisema hivyo huku kalamu ikiwa bado juu ya kidaftari. Kaka yangu akainua macho kutoka kwenye menyu. Alikuwa amekuja likizo kutoka Muscat, ndiye aliyetualika, na habari ya pweza wa nazi alikuwa ameianza tangu tunapanda gari Mbagala.

"Waambie watafute. Nitaongeza hela."

"Hela siyo shida, kaka. Bahari haikupwi vya kutosha siku hizi. Akina mama wanaotuletea hawajaingia mwambani."

Mama mkubwa, ambaye mpaka hapo alikuwa kimya akipapasa kitambaa cha meza, akamgeukia. Huyu ni mtu aliyekulia Mafia, kisha akauza samaki wa kukaanga Feri kwa miaka mingi.

"Mwanangu, mambo ya maji mafu nani kakufundisha?"

"Mpishi wetu, mama. Naye kafundishwa na hao akina mama."

"Kwenu wapi?"

"Kondoa."

Mama mkubwa alicheka kwa furaha mpaka meza ya jirani wakageuka. "Mtu wa Kondoa ananieleza maji mafu, tena Masaki! Basi lete kile unachokijua wewe, baba. Tutakula hicho."

Zimepita wiki kadhaa tangu mlo ule, na bado haujanitoka kichwani.

Kilichokuja mezani

Ilikuwa mwezi wa 6. Masika imekwisha, kusi imeshika, na upepo uliokuwa ukitoka baharini usiku ule ulitaka sweta. Hali ya hewa ya namna hiyo inadai chakula kizito, na ndicho kilicholetwa: makande ya mahindi mabichi na kunde kwa tui, muhogo wa nazi na nguru mkavu, majani ya kunde, na kipande cha boga kilichochomwa na ganda lake. Hakukuwa na sahani yenye vitu vitatu vidogo katikati na mchuzi uliochorwa pembeni. Mabakuli yalikuwa mazito, yamejaa, na vijiko vilikuwa vikubwa.

Makande nitayaeleza, maana ndiyo yaliyonikamata.

Tuliosoma bweni tunayajua makande ya mahindi makavu, yale ya kutafuna mpaka taya zinauma. Haya yalikuwa kitu kingine. Punje zilikuwa changa, zingali na maziwa ndani, ukizibana kwa ulimi zinapasuka. Hindi bichi likishavunjwa shambani, utamu wake huanza kugeuka wanga siku ileile, kwa hiyo ukilikuta tamu vile mjini ujue halikukaa sana njiani. Kunde zilikuwa zimeiva bila kuvurugika. Tui lilikuwa zito na halijakatika, na juu yake pilipili mbuzi moja nzima ilikuwa imelala, inatoa harufu lakini haiwashi.

Mama mkubwa alionja kijiko cha kwanza, akanyamaza. Akaonja cha pili.

"Nazi hii imekunwa leo," akasema. "Na tui la kwanza limetiwa mwisho. Huyu mpishi amekaa na watu wa pwani."

Kuanzia hapo hakuna aliyezungumza mpaka mabakuli yalipoanza kuonyesha chini. Hata kaka alimsahau pweza wake.

Bili

Bakuli la makande lilikuwa shilingi 35,000.

Sitaki kulipita jambo hili haraka. Kwa hela hiyo watu wanane, pengine kumi, wanakula wali samaki kwa mama lishe Kivukoni na wanaondoka wameshiba. Najua mwenye mgahawa ana pango la Masaki, ana jenereta, ana VAT, ana mishahara ya watu waliosomea kazi yao. Yote hayo nayakubali. Lakini ukiyatoa yote kwenye hesabu, bado kwenye bakuli kuna mahindi, kunde, nazi na chumvi.

Kilichonikera zaidi kilikuwa maneno yaliyo juu ya menyu, yanayosema kwamba hapa wanapika kulingana na msimu. Nikamkumbuka mama lishe. Yeye hupika msimu kila siku ya Mungu na hajawahi kuuandika popote. Mwezi ukiwa giza, wavuvi wanatoka na taa, dagaa wanaingia kwa wingi, na yeye anapika dagaa. Mbalamwezi ikija, taa hazina kazi, dagaa wanaadimika, anahamia kwenye maharage. Machungwa yakianza kushuka kutoka Muheza, utaona mteja anamenyewa moja juu ya sahani yake. Embe dodo zikifika, chungwa linapisha. Hakuna mtu anayeenda Kivukoni akarudi anasimulia kwamba amekula chakula cha msimu.

Kwa nini basi Masaki tulipe mara kumi kwa jambo lilelile?

Nililisema hilo ndani ya gari tukiwa juu ya Daraja la Tanzanite. Kaka alinijibu kwamba mama lishe hana njia nyingine, anapika kilicho rahisi sokoni, wakati huyu mpishi anaweza kununua chochote na ameamua kutonunua. Ana freza. Ana watu wa kumletea pweza wa barafu hata usiku wa manane. Mwenye uwezo wa kusema "kipo" akasema "hakuna", huyo ndiye anayestahili kulipwa. Sikutegemea hoja hiyo kutoka kwa mtu ambaye saa mbili kabla alitaka kuongeza hela ili bahari ikupwe.

Mama mkubwa hakuingia kwenye ubishi wetu. Alisubiri tumalize, kisha akauliza swali moja.

"Bei ya mezani nimeiona. Yule mama wa mwambani anapewa ngapi?"

Ndani ya gari hakuna aliyejua.

Hesabu ya maji

Wenzangu mliokulia bara mtanivumilia kidogo, wa pwani mnaweza kuruka.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari yetu huwa na bamvua: maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Hapa Dar tofauti kati ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na tofauti inashuka hadi kama mita 1. Pweza wa kuchokoa anakaa kwenye mashimo ya mwamba, na mwamba huo unaonekana vizuri siku za bamvua tu. Mchokoaji anatembea juu yake na chuma chake, anatazama mlango wa shimo. Mama mkubwa anasema dalili ni magamba ya kaa na makombe yaliyomwagwa nje. Pweza ni mchafu wa nyumba, ndiyo maana anakamatwa.

Zamani mwambani walikuwa wanawake na watoto. Wanaume walikwenda na vyombo.

Bahari ikifunika mwamba, pweza anapumzika. Mapumziko hayo ana haja nayo. Maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja na ushei. Jike hutaga mara moja tu, halafu hukaa kuyalinda mayai bila kula, na yakianguliwa hufa. Wakati huohuo ni kiumbe kinachokua haraka mno: yule mdogo unayemwacha leo, ukimpa miezi michache utamkuta na uzito mara kadhaa. Kwa kulijua hilo, vijiji kadhaa vya Mafia, Songosongo na Pemba vimekuwa vikifunga sehemu ya mwamba kwa miezi, kisha kuufungua kwa pamoja wakati wa bamvua. Siku ya kufungua watu wanatoka na pweza ambao hawajawaona siku nyingi.

Na elimu hii haikuletwa juzi na semina. Waswahili walikuwa na mwaka wa jua wa siku 365 unaoanzia Nairuzi, ambao siku zake zinahesabiwa kwa miongo, kumi kumi. Kwa hesabu hiyo wazee walijua lini upande, lini chombo kitoke, lini upepo utageuka. Makunduchi hadi leo wanaukoga mwaka kila mwezi wa 7. Sisi wa mjini tumebaki na kalenda ya ukutani yenye picha ya benki, na tufaa la Afrika Kusini kwenye kila meza ya matunda miezi yote kumi na miwili.

Ndiyo maana kijana yule wa Kondoa alinigusa. Mtu aliyezaliwa mbali na bahari amefundishwa na wachokoaji kwamba kuna siku bahari inakataa, naye akasimama mbele ya mteja mwenye hela akalisema hilo bila kuomba radhi. Jambo hilo kweli lina thamani. Nilianza kuona kwamba kaka ana hoja.

Lakini swali la Mama mkubwa lilikuwa palepale.

Msimu wa mwenye kuuza

Sisi walaji tukisema "msimu" tunasikia raha. Nenda ukaliseme neno hilo kwa anayelima nyanya Ilula.

Kwake msimu ni wakati ambao kila jirani anavuna naye. Tenga lililompatia hela nzuri miezi michache nyuma sasa linauzwa kwa bei isiyorudisha hata gharama ya dawa. Nyanya hazisubiri. Akizichelewesha siku tatu anazimwaga. Machungwa yanavumilia kidogo, embe hazivumilii kabisa. Kuna wakulima wa matunda ambao msimu ukifika hawana la kuuza kabisa, kwa sababu waliuza mti ukiwa na maua, siku walipohitaji ada ya mtoto, na mnunuzi ndiye anayekuja kuvuna. Anayelima viazi anakutana na lumbesa: sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, lakini gunia linafungwa na kilemba juu, na kile kilemba hakilipiwi. Kila mwaka Wakala wa Vipimo wanakemea, na kila mwaka malori yanapita na vilemba vyake.

Bidhaa ikiwa nyingi, mwenye sauti ni mnunuzi.

Sasa weka mgahawa wa Masaki ndani ya picha hiyo. Unanunua hindi wakati hindi ni rahisi kuliko miezi mingine yote, kwa sababu huo ndio wakati wake. Halafu unaliuza kwa 35,000, na sehemu ya bei hiyo inatokana na sifa ya kulinunua kwa wakati wake. Mlaji anafurahi, mwenye meza anafurahi. Huyu wa shambani, ambaye wingi ule ule ndio uliomshusha bei, anaingia wapi kwenye furaha hiyo?

Nililala na jambo hili siku nyingi. Nilijaribu kujiambia kwamba ndivyo soko lilivyo, na kwamba mkulima asiye na mgahawa wa Masaki angeuza kwa bei ya chini hata hivyo. Ni kweli. Lakini mama lishe naye ananunua kwa bei hiyohiyo ya chini, na punguzo lile linamfikia mla sahani yake: msimu wa dagaa, fungu la dagaa kwenye sahani linaongezeka na bei haibadiliki. Fundi ujenzi anakula zaidi kwa hela ileile. Kwa mama lishe msimu unamfaidisha mtu mwenye njaa. Masaki sikuona unamfaidisha nani zaidi ya sisi tuliokwisha shiba.

Nikaona nisiandike neno kabla sijamuuliza mpishi mwenyewe.

Mpishi

Nilikwenda mchana, wakati meza ziko tupu. Alikuwa nyuma, ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, anachambua majani ya kunde pamoja na wasaidizi wake. Nilimweleza waziwazi kilichonileta. Hakukasirika. Alinivutia ndoo nyingine.

Habari ya pweza aliijibu mara moja. Anachukua kwa kikundi cha akina mama upande wa Kimbiji, anawajua mmoja mmoja kwa majina. Wamekubaliana bei moja kwa kilo, bamvua iwe ya neema au iwe kavu, na pweza mdogo hapokei. Makubaliano hayo hayakuwa wazo lake. Mwanzoni alikuwa akilipa bei ya siku kama wengine wote, mpaka mama mmoja alipomwambia: ukitushusha siku ya wingi, siku ya uhaba tutampelekea mwingine. Akafanya hesabu, akaona mama yule yuko sahihi. Kwa mgahawa, uhakika una faida kuliko urahisi wa siku moja. Kijana wa Kondoa alipelekwa kule makusudi, akatembea nao mwambani, ili akirudi aweze kumweleza mteja.

Moyo wangu ulitulia. Nikauliza ya mahindi.

Hapo alitua majani mapajani.

"Mahindi nanunua Ilala," akasema. "Pweza nawajua wanaomchokoa. Mahindi namjua dalali."

Bei anayolipa ni ya siku. Yakijaa, anafurahi, ananunua ya chini. Shamba lenyewe liko wapi, anaambiwa leo Kibaha, kesho Morogoro. Kunde ni hivyohivyo. Muhogo pia. Nikamuuliza kama mkulima wa mahindi naye angeweza kumwambia yale aliyoambiwa na yule mama wa Kimbiji. Akafikiri, kisha akasema hapana, kwa sababu hajawahi kukaa naye mahali pamoja.

Jibu hilo lilinipa mwanga kuliko yote niliyoyawaza peke yangu. Tofauti ya pweza na hindi kwenye jiko lile si huruma, kwa sababu mpishi ni yuleyule. Akina mama wa Kimbiji wako kikundi, bidhaa yao ni adimu, na wanamfikia mnunuzi uso kwa uso, kwa hiyo wanaweza kumwekea masharti. Mwenye hindi yuko peke yake na gunia lake, na kati yake na sufuria ya Masaki kuna mikono minne au mitano. Dalali si mwizi, nisieleweke vibaya. Bila yeye hindi lile lisingefika mjini likiwa bado na maziwa. Lakini habari inayopita kwake ni ya upande mmoja: mkulima anaambiwa bei tu, hasikii kamwe kwamba kuna Mama mkubwa mmoja aliyenyamaza kwa sababu ya punje zake.

Nilimuuliza mpishi swali la mwisho, kama wateja wanakubali kuambiwa "hakuna". Wengine wanainuka na kuondoka, akasema, na mwenye mgahawa anamtazama. Amepoteza meza kubwa za sherehe kwa ajili ya pweza. Kwa ajili ya mahindi hajawahi kupoteza hata moja.

Ninachokishikilia

Nimeshika upande wa kaka kwa nusu. Kulipa ghali mahali wanapokubali bahari iwatawale ni sawa, na ningependa majiko kama lile yawe mengi mjini hapa. Mji wenye fukwe kama zetu haupaswi kula pweza wa barafu wiki ya maji mafu ili tu mtu asikasirike.

Na nimeshika swali la Mama mkubwa lote. Mgahawa unaojivunia msimu uweke bei ya msimu iliyokubaliwa na anayelima, kama ulivyofanya kwa wanaochokoa. Siombi sadaka. Naomba kile ambacho jiko lilelile limekwisha kukiweza kwenye sahani moja likiweze na kwenye nyingine. Mpishi alisema yuko tayari kumpokea mtu wa mahindi atakayekuja na wenzake, wakakubaliana kabla ya kupanda, mradi mzigo ufike asubuhi ya siku uliyovunjwa. Nilimuuliza kama naweza kuliandika hilo hapa, akasema niandike.

Nimeliandika.

Mama mkubwa nilimpigia simu kumpa jibu la swali lake, nikamtajia bei ya kilo ya Kimbiji. Akaniuliza kama hao akina mama wana mzani wao wenyewe au wanapimiwa. Sikuwa nimeuliza. Bamvua ijayo tunakwenda naye kuangalia.

Kwa sasa nataka kusikia kutoka kwenu mnaouza. Kama unalima kunde, mahindi au mboga Kibaha, Mkuranga, Bagamoyo au Morogoro, na mzigo wako unaingia kwenye hoteli na migahawa ya Masaki na Oysterbay, niambie ulipewa ngapi mwezi wa 6, na nani aliitaja bei hiyo kwanza.